Upande wa Wanaojiweza

Kidonda alikiona mwenyewe, Jumapili mchana, alipokwenda kumwona mama yake kwenye nyumba ya wazee, wakati anambadilisha gauni. Kwanza alisikia harufu nzito, kama ya nguo mbichi iliyosahauliwa kwenye ndoo, akadhani ni godoro. Akamlaza mama ubavu, akainua gauni, na pale mgongo unapoishia, juu kidogo ya makalio, akaona shimo la ukubwa wa kifungo cha koti. Kingo zake zilikuwa nyeusi, na ndani mlikuwa na usaha.

Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa miaka hamsini na mbili. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na hata mumewe alishalizoea jina hilo. Mikono yake ilijua kugusa kitambaa kilichochanika na kukadiria papo hapo kitataka kiraka cha kiasi gani. Safari hii ilibaki hewani, haijui iguse wapi.

"Mama, hapa panauma?"

"Wapi?"

"Huku chini, mgongoni."

Mama alifikiri. Kiharusi kilikuwa kimemwachia ulimi, kikachukua upande wote wa kushoto. "Panauma panapotaka," akasema. "Leo hapataki sana."

Mlango ukasukumwa kwa goti, akaingia mhudumu na beseni la maji. Wazee wa upande ule walimwita Twiga. Jina alipewa na mama mwenyewe siku alipoletwa pale, alipomwangalia binti yule kutoka miguuni mpaka kichwani na kumuuliza kama huko juu mvua hunyesha mapema. Alikuwa na miaka ishirini na sita hivi, na siku hiyo macho yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Shikamoo, shangazi."

Fundi hakuitikia. "Hiki kitu kimeanza lini?"

Twiga akaweka beseni chini taratibu. "Wekundu niliuona wiki mbili zilizopita. Nikaandika kwenye daftari la zamu. Ngozi ikafunguka Alhamisi, nikaandika tena. Muuguzi huja Jumatatu kwa Jumatatu."

"Sijakuuliza umeandika nini. Nimekuuliza kwa nini mama yangu anaoza kitandani na wewe upo."

"Niko peke yangu, shangazi. Mwenzangu aliacha kazi miezi mitatu sasa, hawajaleta mwingine. Wazee ni ishirini na wanne. Nikimaliza kumlisha wa mwisho, wa kwanza ameshajichafua."

"Hayo ni yako na mwajiri wako."

"Ni kweli," Twiga alisema. Akavaa glavu, akapiga magoti, akaanza kumwosha mama, mkono mmoja ukimshika begani asibiringike. Mama akafumba macho kwa raha. "Leo maji umeyapatia," akamwambia Twiga. Fundi, aliyekuwa amesimama na gauni chafu mkononi, akalikunja kwa nguvu, wala hakujua kama ni kwa hasira au kwa wivu.

*

Jioni hiyo simu ya kaka yake iliwekwa mezani, sauti ikafunguliwa ili mumewe naye asikie. Kaka alikuwa mji mwingine, karani mkubwa wa kampuni ya bima, na tangu mama augue alikuwa amekuja mara moja.

"Andika malalamiko," kaka alisema. "Usiandike kwa lugha ya kuomba. Na taja mtu. Barua isiyotaja mtu inaishia kabatini. Mimi ningekuwa hapo, ningekwenda kwa miguu yangu."

"Angekuwa hapa, angekuwa hapa," mumewe akanong'ona, akiinuka kuosha vikombe.

Fundi aliandika kurasa mbili. Alieleza harufu, ukubwa wa kidonda, usaha. Kwenye nafasi ya mhudumu anayelalamikiwa aliandika jina kamili la Twiga, alilolisoma kwenye ratiba ya ukutani. Alipomaliza alimsomea mumewe. Mumewe alisikiliza huku akikausha kikombe kimoja kwa muda mrefu kuliko kilivyohitaji.

"Na ile habari ya fomu?" akauliza.

"Fomu gani?"

"Fundi."

"Haihusiani," alisema, akaikunja barua.

Ilihusiana, na alijua. Nyumba ile ya wazee ilikuwa na pande mbili. Upande wa uangalizi ulikuwa wa wasioweza kuinuka, na orodha ya kusubiri ilikuwa ya mwaka na zaidi. Upande wa wanaojiweza vitanda vilikuwepo. Fundi alikuwa amemwinua mama yake kwa mwaka mzima, mpaka uti wake wa mgongo ukaanza kulia kama bawaba kavu. Mara mbili alikuwa amerudi kutoka sokoni kununua vitambaa akamkuta mama sakafuni. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Basi siku mpimaji wa nyumba ile alipokuja kwake kuangalia hali ya mgonjwa, Fundi alimpa mama vidonge viwili vya maumivu na kumvalisha gauni lenye mkanda mpana aliloshona wiki hiyohiyo. "Ni hatua sita tu, mama. Mpaka dirishani." Akamfuata nyuma kama mtu anayemnyooshea gauni, ngumi yake imekamata mkanda, akimnyanyua kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Mama alizipiga hatua sita. Kufika dirishani akamwangalia mpimaji na kusema, kwa sauti ya mtu anayekwenda dirishani kila siku, "Jua la leo kali." Kisha Fundi akatia sahihi kwenye fomu: anatembea mwenyewe, anajigeuza mwenyewe, anakwenda haja mwenyewe.

*

Siku ya nne aliitwa ofisini. Msimamizi wa nyumba ile alikuwa mwanamume nadhifu, mpole wa maneno, aliyefuta miwani yake kila mara kabla ya kusema jambo zito. Akamkaribisha chai. Fundi akasema hatumii.

"Mama, barua yako tumeipokea na imetusikitisha. Hatukuilalia. Hii tumeikuta imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la mgonjwa." Akaweka mezani karatasi ya kalenda ya zamani. Nyuma yake palikuwa na mistari iliyochorwa kwa penseli: siku, saa, kulia, kushoto. Kwenye baadhi ya vyumba vya jedwali hilo kulikuwa na alama ya vema. Vingine vilikuwa vitupu.

"Ni yake huyo binti," msimamizi akaendelea. "Alikuwa anaandika kila alipomgeuza mama yako. Hesabu mwenyewe hizo nafasi tupu. Jumanne hii hapa, kutwa nzima, hakumgeuza hata mara moja. Ameandika uzembe wake kwa mkono wake."

Fundi aliitazama karatasi. Mtu mwongo angejaza vyumba vyote, aliwaza. Ni dakika moja ya penseli.

"Kwani kumgeuza ilikuwa kwenye kazi zake?" aliuliza, na mara akatamani kuyarudisha maneno mdomoni.

Msimamizi akavua miwani. "Swali zuri," akasema. Akatoa kwenye faili karatasi nyingine, akaizungusha taratibu ili Fundi aweze kuisoma bila kuinama. Sahihi yake ilikuwa pale chini, na mkia wake mrefu aliouringia tangu shule. "Kwa karatasi hii, mama yako anajigeuza mwenyewe. Lakini wazee hubadilika. Mtu anaingia mzima, mwezi ujao hawezi. Sisi hatutafuti mchawi."

Nje, mtu alikuwa akiita mhudumu kwa sauti ya kizee, akirudia neno lilelile, bila haraka, kama aliyekwishajua kuwa hakuna atakayekuja.

"Upande wa uangalizi kitanda kimoja kimepatikana," msimamizi akasema. "Kule wahudumu ni watatu kwa wazee kumi. Mama yako anaweza kuhamia leo, tusipite kwenye orodha. Ninachohitaji ni sahihi yako kwamba umeridhika na hatua tulizochukua."

"Hatua gani?"

"Yule binti amesimamishwa tangu jana. Kamati ikishakaa, ataondoka moja kwa moja."

Fundi akaangalia mikono yake. Akauliza kitanda kiko karibu na dirisha au mlango. Msimamizi akasema dirisha. Fundi akatia sahihi.

*

Kule upande wa uangalizi mama aligeuzwa kila baada ya saa mbili, kidonda kikasafishwa na muuguzi asubuhi na jioni, shuka zikanukia sabuni. Fundi alipaswa kushukuru. Lakini siku ya tatu mhudumu mmoja akamwambia kwamba bibi amegoma kula.

"Mama, hawajui kupika?"

"Wanajua." Mama aligeuzia uso dirishani. "Twiga anaumwa?"

"Yuko likizo."

"Hakuniaga."

"Alikuwa na haraka."

"Yule hana haraka ya namna hiyo," mama akasema, na kijiko alichoshikiwa mdomoni akakiacha kikae hapohapo mpaka Fundi akakiondoa.

Kesho yake Fundi alimwomba mlinzi wa getini amwelekeze anakokaa Twiga. Palikuwa ni safu ya vyumba nyuma ya karakana ya magari. Alimkuta uani, mbele ya rundo la nguo za watu, anazipiga pasi moja moja. Twiga alimwona tangu getini, akaendelea na kola ya shati mpaka ikanyooka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Fundi hakujua aanzie wapi, akaanzia pabaya. "Mama anakuulizia. Amekataa kula."

"Mpe chai kwanza, asinywe na kitu. Akishamaliza nusu, ndipo umpe mkate. Ukianza na mkate anaona unamharakisha." Twiga akakunja shati. "Kidonda je?"

"Kinajaa nyama."

"Afadhali."

"Nimekuja kukuambia," Fundi akasema, "mimi sikujua kwamba watakufukuza."

Twiga akaiweka pasi wima. "Shangazi, uliandika jina langu, la baba na la babu. Ulidhani watanipa cheti?"

Maneno yalisemwa bila ukali, ndiyo maana yalipenya. Jirani aliyekuwa anaanua nguo akapunguza mwendo ili asikie vizuri. Fundi alijiona mdogo kama punje ya mtama.

"Kuna jambo hulijui," akasema kwa sauti ya chini. "Mama yangu hakuwa—"

"Hakuwa anatembea. Najua."

"Nani kakuambia?"

"Siku ya kwanza tu, nilipomwambia ainuke nimwoneshe choo. Alicheka. Akaniambia, 'Mwanangu alinishika mkanda kwa nyuma. Usimseme, amechoka sana.' Ningeripoti, wangekurudishia siku hiyohiyo. Nikanyamaza. Nikasema nitamgeuza mwenyewe nikipata nafasi." Alichukua gauni lingine kutoka kwenye rundo, akalikung'uta. "Nafasi zenyewe umeziona. Jumanne ile wawili walianguka na mmoja akafariki saa nane mchana, nikamwosha peke yangu. Sikumfikia bibi. Nililia, shangazi, lakini vema sikuweka."

Fundi alitafuta pa kuketi, hapakuwa na kiti cha pili, na Twiga hakumpisha cha kwake.

*

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ndugu wa wazee waliitwa kwenye kikao, katika chumba cha kulia. Asubuhi hiyo Fundi alimwambia mumewe anachotaka kufanya.

"Ukisema hayo, mama atarudi hapa," mumewe alisema. "Na mgongo wako?"

"Mgongo wangu nitajuana nao."

Mumewe akaitafuta kofia yake. "Basi twende wote. Na mimi nilikuwepo siku ile. Nilimshikia mpimaji mlango."

Walikuja watu kama thelathini, wakakaa kwenye viti vya wazee, magoti yakigusa meza. Msimamizi alieleza habari za paa na mabomba. Kisha akafuta miwani. Akasema kumetokea kisa cha uzembe, mzee mmoja ameumia, na mhusika ameondolewa bila kuoneana haya. "Na tunamshukuru mama huyu aliyetufumbua macho," akasema, akimnyooshea Fundi kiganja. Watu wakapiga makofi. Asiyekuwepo na lake halipo.

Fundi akasimama.

"Msinipigie makofi," akasema. "Mama yangu hakuwahi kutembea tangu aingie hapa. Fomu niliyoijaza ilikuwa ya uongo. Nilimshika mkanda kwa nyuma ili mpimaji aone anatembea, kwa sababu nilichoka na foleni ilikuwa ndefu. Huyo binti mliyemwondoa alijua, akanisitiri. Alikuwa anamgeuza mama yangu katikati ya kazi ya watu ishirini na wanne, peke yake, na kazi hiyo hakupangiwa na mtu. Mzembe mnayemtafuta amevaa hii blauzi."

"Mama, keti kidogo, umepandwa na uchungu," msimamizi akasema.

"Nimekaa vya kutosha. Na siku uliponiita ofisini ulinionyesha sahihi yangu. Wewe ulijua."

Hakuna aliyepiga makofi tena. Mwanamke mmoja akamtazama Fundi kwa jicho la kumkata, akasema wazi kwamba watu kama yeye ndio wanaowaponza wazee wa wengine. Fundi akasema ni kweli. Akabaki amesimama, hajui akae au atoke, mumewe ameuinamia mkono wake kama anayesoma saa.

Ndipo kule nyuma mzee mmoja wa koti la kijivu, dereva mstaafu, akakohoa. "Kaka yangu," akasema, "hajasimama tangu mwaka juzi. Fomu nilijaza mimi." Akaangalia sakafu. "Niliandika anapenda kutembea jioni."

Mtu mmoja akacheka, akakatisha kicheko chake. Msichana aliyekaa karibu na mlango akasema, "Na bibi yangu." Mwanamume mwingine hakusema kitu, aliinua mkono tu. Kisha mwanamke yule yule wa jicho kali akauficha uso wake kwenye mtandio, na mabega yakaanza kumcheza. Mikono mingine ikafuata, Fundi akaihesabu. Ilikuwa kumi na mmoja, katika upande wa wanaojiweza wenye wazee ishirini na wanne na mhudumu mmoja.

Dereva mstaafu akamgeukia msimamizi. "Bwana mkubwa, sisi tulidanganya kwenye karatasi. Lakini wewe kila asubuhi unapita kati ya vitanda. Hukujiuliza mbona hawa wanaojiweza hawajawahi kukupisha njia?"

Msimamizi akasema kikao kimeahirishwa.

*

Hayakuisha siku hiyo, wala hayakuisha vizuri kwa kila mtu. Wakaguzi walikuja, wakawapima wazee upya mmoja mmoja. Nyumba ikalazimishwa kuajiri wahudumu wanne. Twiga aliandikiwa barua ya kurudi kazini, pamoja na onyo la kuficha hali ya mgonjwa. Aliipokea barua, onyo akalisaini, akarudi. Kitanda cha dirishani kikapewa mzee aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha, na Fundi akaambiwa amchukue mama yake mpaka zamu yake ifike. Kaka alipiga simu akamwita mjinga, akazungumza peke yake kwa muda kabla ya kugundua kwamba simu imekatwa.

Siku ya kumchukua, Twiga alikuja kusaidia kumpakia mama kwenye gari. Alimwinua kana kwamba hana uzito, akamweka, akamfunga mkanda, akainama mpaka kichwa chake kikaingia dirishani.

"Bibi, naaga sasa. Usiseme sikukuaga."

"Huko juu mvua vipi?" mama akauliza.

"Inakuja, bibi."

Fundi akamshika Twiga mkono, akamwomba radhi. Twiga akauacha mkono wake humo kwa muda, kisha akautoa bila kuuvuta. "Nimekusikia, shangazi," akasema, na akarudi ndani kwa wazee wake.

Nyumbani mama alitandikiwa sebuleni, cherehani ikasogezwa ukumbini. Asubuhi ya pili Fundi alimlaza ubavu, akamgeuzia ukutani, akaanza kukisafisha kidonda. Kilikuwa kimebaki kama ukucha wa kidole kidogo.

"Mama," akasema, "siku ile ya mpimaji. Ulijua kwamba nadanganya?"

"Mwanangu, miguu ni yangu."

"Basi kwa nini ulikubali?"

"Ulikuwa unalia wakati unaniogesha," alisema. "Ulidhani sijui, kwa sababu umenigeuzia ukutani. Nikasema mtoto huyu apumzike."

Kitambaa kikasimama mkononi mwa Fundi. "Nisamehe, mama."

"Nilishasamehe zamani." Mama akavuta pumzi. "Lakini kule nilikuwa sipapendi. Kila siku nilikuwa sipapendi."

Mara zote Fundi alizokwenda kumwona, Jumapili baada ya Jumapili, mama hakuwahi kulisema neno hilo. Fundi akafunga kidonda, akashusha gauni, machozi yakaanza kumtoka. Safari hii akazunguka kitanda, akajibana kwenye nafasi nyembamba kati ya godoro na ukuta, akapiga magoti mahali ambapo mama angeweza kumwona.